Mahali pa Kukata: Historia Fupi ya Kugawa Kazi Ndani ya Kompyuta

Katika mkutano wetu uliopita wa wanafunzi wa zamani, wakati wa chai, palizuka ubishi kati ya ndugu wawili waliopita shuleni kwetu katika miaka tofauti. Mdogo wao ni mtunzi wa programu za hesabu kubwa za kisayansi, zile zinazoendeshwa na prosesa nyingi kwa wakati mmoja. Alidai kwamba programu ikitakiwa kwenda mbio haina budi kuandikwa yote pamoja bila kiungo, maana kila ukiikata vipande unaipunguzia mwendo. Mkubwa wake, ambaye amefundisha hisabati kwa miaka mingi, alijibu kwamba programu isiyo na vipande haisomeki wala hairekebishiki, na kwamba mbio za kitu kisichoeleweka ni mbio za sakafuni. Chai ikapoa, kengele ya mkutano ikalia, na ubishi haukuisha.

Kwa kuwa nami nimepata ugali wangu kwa kazi ya kompyuta, Mhariri ameniomba nitie neno. Sikuona vema kutoa hukumu hivi hivi. Ubishi huo una umri mkubwa kuliko wote wawili waliokuwa wakibishana, na historia yake ina jibu ndani yake. Basi nitasimulia historia.

Lakini kwanza niwakumbushe zamu ya jikoni. Wengi mtakumbuka stoo ya chakula, mtunza stoo mwenye ufunguo, na daftari lake ambalo kila atokaye na kitu sharti alitie sahihi. Muhula mmoja kiranja wetu, kijana mpenda utaratibu, aliigawa zamu katika makundi: la unga, la maharage, la kuni, la maji na la sufuria. Kila kundi lilijua kazi yake na halikuingilia ya wenzake. Mgawanyo ulikuwa mzuri, hata hivyo chakula kilichelewa siku tatu mfululizo. Sababu ni kwamba kila kundi lilikwenda stoo kila lilipohitaji kitu: bakuli moja la unga, kisha kurudi; kijiko cha chumvi, kisha kurudi. Foleni ya mlangoni pa stoo ikawa ndefu kuliko ya chakula chenyewe. Siku ya nne kiranja hakuyavunja makundi. Aliagiza tu kwamba kila kundi lichukue kwa safari moja vitu vyote vya kazi yake ya jioni ile. Tukala kwa wakati. Makundi yalibaki yale yale, na mtunza stoo na daftari lake vile vile. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzigo wa kila safari.

Tafadhali ishikeni habari hiyo ya stoo, maana tutarudi kwake mara kwa mara.

Ukumbi wa watu 64,000

Wazo la kugawa hesabu moja kubwa kwa wengi lilikuwapo kabla ya kompyuta za umeme. Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyezaliwa mwaka 1881, alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa na mfuasi wa dhehebu la Quaker, ambalo halikubali vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hakushika bunduki. Alitumika Ufaransa akiendesha gari la kubeba majeruhi. Katika nafasi alizopata huko alijaribu kutabiri hali ya hewa kwa kukokotoa kwa mkono milinganyo ya mwendo wa hewa. Alichagua siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, ili alinganishe jibu lake na yaliyotokea kweli. Utabiri wa saa 6 tu ulimchukua karibu wiki 6. Jibu nalo likatoka bovu: karatasi zake zilionyesha kanieneo ya hewa ikipanda milibari 145, ilhali siku ile haikubadilika ila kidogo sana.

Richardson hakuficha kosa lake. Mwaka 1922 alitoa kitabu kilichoeleza njia yake yote pamoja na jibu hilo bovu, na humo alichora kwa maneno ndoto yake ya ukumbi mkubwa wa mviringo. Ramani ya dunia imechorwa kwenye kuta zake, na wakokotoaji 64,000 wameketi, kila mmoja mbele ya sehemu yake ya ramani. Kila mmoja anakokotoa sehemu yake tu, kisha anaonyesha namba zake kwa taa ili majirani wa pande zote wazisome. Katikati juu ya mnara amesimama kiongozi. Anawamulika kwa mwanga wa waridi wale waliotangulia mno, na kwa mwanga wa buluu wale waliochelewa.

Ndugu wasomaji, kompyuta sambamba za leo bado zinafuata mpango wa ukumbi ule, na mzigo wake mzito unaonekana humo pia. Mkokotoaji ana kazi za namna mbili: kukokotoa namba zake mwenyewe, na kungoja za majirani. Tuseme eneo la mmoja ni mraba wa vyumba 10 kwa 10. Ana vyumba 100, na kati ya hivyo 36 vimepakana na jirani. Mpe mraba wa 100 kwa 100. Sasa ana vyumba 10,000, lakini vya mpakani ni 396 tu. Katika eneo dogo, zaidi ya theluthi ya vyumba inahitaji habari za jirani. Katika eneo kubwa ni vyumba 4 hivi kati ya 100. Ukikata vipande vidogo mno, watu watashinda wakisomana taa badala ya kukokotoa.

Kabati la kanda za karatasi

Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mashine iitwayo EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Maurice Wilkes. Hazikupita siku nyingi kabla hajatambua, kama alivyosimulia baadaye, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyosalia ingeishia katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Kijana aliyefanya kazi chini yake, David Wheeler, akatafuta dawa. Kama mtu mmoja amekwisha kuandika vizuri hesabu ya kipeo cha pili, kwa nini mwingine aiandike tena na kukosea? Wheeler alibuni njia ya programu kuruka mpaka kwenye kipande kilichoandikwa tayari, kukitumia, kisha kurudi pale pale ilipotoka. Kipande hicho ndicho subrutini. Subrutini zilitobolewa kwenye kanda za karatasi na kuwekwa katika kabati, na mtunzi alinakili zile alizohitaji kwenye kanda yake. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu kuhusu ufundi huo, na wakati huo maktaba yao ilikuwa na subrutini zaidi ya 80.

Tangu siku hizo ubishi wetu wa chai ulikuwapo. Subrutini zilikuwa za aina mbili. Ya wazi ilinakiliwa mahali popote ilipohitajika, hivyo hapakuwa na safari ya kwenda na kurudi, lakini kila nakala ilikula nafasi. Iliyofungwa ilikuwa na nakala moja tu. Iliokoa nafasi, lakini kila aliyeihitaji alilipa amri kadhaa za safari. Kumbukumbu ya EDSAC, iliyotunzwa ndani ya mirija ya zebaki, mwanzoni ilikuwa na nafasi 512 tu. Kwa hiyo nafasi ilikuwa ghali, na gharama ya safari ilivumiliwa.

Baada ya hapo ikaja FORTRAN, lugha iliyomwezesha mwanasayansi kuandika milinganyo yake karibu kama anavyoiandika ubaoni. John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM waliitoa mwaka 1957 kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Walijua kwamba mafundi hawangeipokea kama programu zake zingekwenda polepole kuliko zile zilizoandikwa kwa mkono katika lugha ya mashine. Ndiyo maana walitumia nguvu nyingi kuifundisha mashine kutafsiri vizuri. Tena FORTRAN ya kwanza haikumruhusu mtu kuandika subrutini zake na kuzitafsiri peke yake. Uwezo huo ulikuja na FORTRAN II, mwaka 1958. Mwendo ulitangulia, vipande vikafuata.

Mwaka 1972 David Parnas aliandika makala fupi ambayo wanafunzi wa kompyuta wanaisoma hadi leo. Aliuliza: programu ikatwe wapi? Wengi walikuwa wakiikata kwa kufuata mpangilio wa hatua, yaani hatua ya kwanza kipande cha kwanza, na kuendelea. Parnas alisema kila kipande, ambacho huitwa moduli, kifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika kesho. Uamuzi ukibadilika, kipande kimoja tu kitafunguliwa. Lakini mara nyingi wanaomsifu husahau kwamba katika makala ile ile alionya juu ya gharama. Alisema ukataji wake, ukitekelezwa bila uangalifu, utakuwa wa polepole, kwa sababu ya kuitana mno kati ya moduli. Basi yule mwalimu wetu na yule kijana wetu wote wawili wamo katika makala moja.

Mlango mmoja wa stoo

Sasa tufike mahali ambapo historia ilitoa jibu lake. Mwaka 1976 maabara ya Los Alamos, Marekani, ilipokea mashine ya kwanza ya aina ya Cray-1, kazi ya Seymour Cray. Saa yake ya ndani ilipiga kila nanosekunde 12.5, yaani mapigo milioni 80 kwa sekunde. Katika kila pigo iliweza kujumlisha mara moja na kuzidisha mara moja. Kwa hiyo upeo wake ulikuwa hesabu milioni 160 kwa sekunde. Lakini kati ya kumbukumbu yake kuu na rejista za kukokotolea palikuwa na njia moja tu, iliyopitisha namba moja kwa kila pigo. Stoo ilikuwa na mlango mmoja.

Miaka hiyo hiyo wataalamu wa Marekani walikuwa wakitengeneza maktaba iitwayo LINPACK, ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Watunzi wake walikuwa Jack Dongarra, Jim Bunch, Cleve Moler na Pete Stewart, na kitabu chake cha maelekezo kilitoka mwaka 1979. Waliijenga juu ya vipande vidogo vilivyoitwa BLAS, vilivyotangazwa mwaka huo huo na Charles Lawson na wenzake watatu. Vilikuwa 38. Kimoja kiliitwa DAXPY: kinachukua orodha ya namba, kinaizidisha kwa namba moja, kisha kinaijumlisha na orodha nyingine. Kwa usomaji, LINPACK ilikuwa nzuri kweli kweli. Mtu aliweza kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine bila kuiandika upya.

Tupige hesabu ya kipande hicho ndani ya Cray-1. Kwa kila namba ya orodha, mashine inasoma namba ya kwanza, inasoma ya pili, kisha inarudisha jibu. Hizo ni safari 3 mlangoni. Kazi inayofanyika ni kuzidisha mara moja na kujumlisha mara moja, yaani hesabu 2. Mapigo 3 kwa hesabu 2 ni sawa na hesabu kama milioni 53 kwa sekunde. Mashine yenye uwezo wa milioni 160 inatoa theluthi moja, na theluthi mbili zake zinasimama foleni mlangoni pa stoo.

Hapo kijana wetu angesema: mnaona? Vunjeni vipande. Na kweli wapo waliovunja, wakaandika kila kitu kwa lugha ya mashine, wakapata mwendo. Lakini Dongarra na wenzake walifanya kama kiranja wetu. Hawakuyavunja makundi, waliongeza mzigo wa safari. Mwaka 1988 walitangaza BLAS ya ngazi ya pili, ambayo kipande kimoja hushughulikia matriki nzima na vekta, wala si orodha mbili tu. Matriki, kwa waliosahau darasa, ni jedwali la namba lenye safu na mistari. Sasa sehemu ya jibu iliweza kukaa ndani ya rejista mpaka kazi yake iishe, na kila namba mpya ya matriki iliyopita mlangoni ilifanyiwa hesabu 2. Safari 3 zimekuwa karibu 1.

Kisha mashine za prosesa nyingi zikaenea, kila prosesa ikiwa na kumbukumbu yake ndogo ya karibu yenye kasi, na kumbukumbu kuu ikiwa mbali. Mwaka 1990 ikatoka ngazi ya tatu, ya matriki kwa matriki. Tazama tofauti kwa mfano wa ukubwa wa 100. Ngazi ya kwanza: safari 300 kwa hesabu 200. Ngazi ya pili: safari kama 10,000 kwa hesabu 20,000. Ngazi ya tatu: namba 30,000 huingia na 10,000 hutoka, jumla safari 40,000, kwa hesabu 2,000,000. Kila safari inalipwa kwa hesabu 50. Tena kazi ya namna hiyo inaweza kukatwa katika mapande makubwa na kugawiwa prosesa mbalimbali, kila moja ikachukua pande lake na kushughulika nalo kwa muda mrefu bila kumwita jirani.

Mwaka 1992 maktaba mpya iitwayo LAPACK ilichukua nafasi ya LINPACK. Milinganyo ilikuwa ile ile na hisabati yake haikugeuka. Kilichogeuka ni mahali pa kukata. Kazi nzito yote iliwekwa ndani ya vipande vya ngazi ya tatu, na kila mtengeneza mashine akaandika vipande hivyo kwa namna inayofaa mashine yake. Miaka ya 2000 Kazushige Goto alipata sifa duniani kwa kuandika kuzidisha kwa matriki kwa lugha ya mashine, amri kwa amri. Kipande chake hakisomeki kwa urahisi, lakini wanaokitumia hawana haja ya kukisoma. Ugumu wote umefungiwa chumba kimoja, na nyumba iliyobaki imeachwa safi.

Barua zilizopotelea bwenini

Bado palikuwa na tatizo la ukumbi wa Richardson, la watu wengi kuongea pamoja. Mwaka 1967 Gene Amdahl alikumbusha kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka. Ikiwa sehemu 5 katika 100 lazima zifanywe na mmoja, basi hata ukileta prosesa elfu, kazi haitakwenda zaidi ya mara 20. Kamba hukatikia pabovu. Miaka 21 baadaye John Gustafson na wenzake wa maabara ya Sandia, wakitumia mashine yenye prosesa 1,024, waliripoti kwamba kazi tatu za kisayansi ziliendelea kwa zaidi ya mara 1,000. Hawakuivunja sheria ya Amdahl. Waliongeza ukubwa wa kazi kadiri prosesa zilivyoongezeka, na sehemu isiyogawanyika ikawa ndogo mbele ya kazi nzima. Tena ni lile somo la vyumba 36 na vyumba 396.

Prosesa za mashine za namna hiyo ziliongea kwa kutumiana ujumbe, kama zilivyofanya zile 64 za mashine ya Cosmic Cube iliyoundwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa bahati mbaya kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kutuma ujumbe. Mwezi Aprili 1992 wataalamu walikutana Williamsburg, Virginia, kuanza kutafuta namna moja, na mwaka 1994 ikatoka kanuni iitwayo MPI.

Ndani ya MPI limo jambo moja ambalo mwalimu wetu atalifurahia. Kila ujumbe hubeba namba ya kuutambulisha. Tuseme programu yako inatumia namba 7, na maktaba uliyoazima kwa mtu mwingine nayo inatumia namba 7. Ujumbe wa huyu utapokelewa na yule, na majibu yataharibika bila mtu kujua. Mnakumbuka barua zilizokuja shuleni zimeandikwa jina moja tu, ilhali wenye jina hilo walikuwa watatu? Mwenye bweni la mbele alifungua barua ya mchumba wa mwenzake. Waanzilishi wa MPI walitoa dawa: kila kundi la prosesa hupewa uwanja wake wa mawasiliano, na ujumbe wa uwanja mmoja hauwezi kamwe kupokelewa katika uwanja mwingine hata namba zikifanana. Kwa hiyo maktaba inaweza kuandikwa na mtu asiyekufahamu, ikaingizwa ndani ya programu yako, na barua zisichanganyike. Hili lilikuwa pambo dogo kwa gharama, lakini ndilo lililowezesha maktaba za hesabu sambamba kuenea.

Kosa langu mwenyewe

Nisiwasimulie ya wengine tu. Katika miaka ya 1980, katika ofisi moja niliyofanyia kazi, nilipewa programu ya hesabu iliyokuwa na subrutini nyingi nzuri, na ilikuwa ya polepole. Mimi, kwa ujana na kiburi, niliziyeyusha zote katika programu moja ndefu. Mwendo ukaongezeka karibu maradufu, nikasifiwa. Miaka michache baadaye mashine ilibadilishwa. Nilikuwa nimekwisha hamia kwingine. Waliobaki walihangaika na kazi yangu kwa wiki nyingi, kisha wakaitupa na kuanza upya. Baadaye nilipopata nakala ya ile ya zamani, nilipima kwa makini nikaona kwamba karibu ucheleweshaji wote ulitoka mahali pamoja tu: subrutini ndogo iliyoitwa mara milioni kwa namba moja moja. Ningeibadilisha hiyo moja ipokee orodha nzima, ningepata mwendo ule ule, na wenzangu wangerithi kitu cha kufaa. Sikupima kwanza, nilikata kwa hasira.

Utabiri wa leo

Tumalizie na hali ya hewa, tulikoanzia. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, kilichokuwa na makao yake Reading, Uingereza, kilianza kutoa utabiri wa kawaida tarehe 1 Agosti 1979 kwa mashine ya Cray-1. Katika programu ya kituo hicho, mvua, mawingu na mwanga wa jua hukokotolewa kwa nguzo za hewa zinazosimama kutoka ardhini hadi juu. Ukiita kipande cha mawingu kwa nguzo moja moja, unalipa safari nyingi mno. Ukikipa nguzo zote za dunia kwa mara moja, kumbukumbu ndogo ya karibu inafurika. Kwa hiyo nguzo hufungwa katika mafungu, na ukubwa wa fungu ni namba moja inayobadilishwa kulingana na mashine. Mtaalamu wa mawingu anaandika habari za mawingu tu, na fundi wa mashine anachagua ukubwa wa fungu.

Uswisi nao walikwenda hatua nyingine. Mwaka 2016 idara yao ya hali ya hewa ilianza kutoa utabiri kwa kutumia prosesa zilizobuniwa kwanza kwa ajili ya picha. Kiini cha programu yao kilikuwa kimeandikwa upya kwa namna ambayo mwanasayansi anaeleza hesabu ya kila nukta na majirani zake, na chombo kingine ndicho kinachoamua namna ya kuiunganisha na kuigawa kwa mashine. Vipande vinabaki tofauti machoni pa msomaji, lakini vinakuwa kitu kimoja ndani ya mashine.

Wala foleni ya stoo haijaisha. Mwaka 2022 mashine ya Frontier, huko Oak Ridge, Marekani, ilivuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde katika jaribio lililotokana na LINPACK. Katika jaribio jingine lenye hesabu chache kwa kila safari, mashine hiyo hiyo ilifikia kidogo tu zaidi ya sehemu 1 katika 100 ya kasi hiyo.

Basi nawajibu ndugu zangu wawili. Wewe mdogo wangu una haki: kuitana kuna gharama, na anayeipuuza atakula chakula cha usiku asubuhi. Wewe kaka una haki pia: kazi isiyo na vipande hufa pamoja na mashine yake, nami nimeshuhudia mazishi ya moja. Lakini tangu Cambridge hadi Uswisi, waliofaulu hawakuulizana kama wakate au wasikate. Walihesabu safari za stoo, kisha wakachagua mahali pa kukata ili kila safari ibebe mzigo wa kutosha. Katika mkutano ujao, chai na iletwe kwa birika kubwa, si kikombe kimoja kimoja, tupate wasaa wa kuyazungumza hayo.